Nyumba ya Mayembe: Karne na Ushee ya Makumbusho ya Uganda

Reli inayopita bondeni chini ya Kisugu, mtaa wa Kampala, ikiwa imebanwa na vibanda vya Namuwongo huku na huku, huishia Port Bell, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Bandari hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda kuanzia 1905 hadi 1909. Siku hizi jina lake hutajwa zaidi kwenye baa za Kabalagala kuliko kwenye vipindi vya historia, na anayetajwa si gavana, ni bia. Lakini enzi za Bell ziliuachia mji kitu kingine ambacho hakikupewa jina lake. Mwaka 1908, juu ya kilima cha Old Kampala, kwenye ngome aliyoijenga Kapteni Frederick Lugard mwishoni mwa 1890, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ndogo ya kuwekea vitu vya kale vya nchi. Huo ndio mwanzo wa Makumbusho ya Uganda, yaliyoyatangulia ya Nairobi kwa miaka 2.

Afisa wa kikoloni George Wilson alikuwa amewahimiza watumishi wa serikali wakusanye kila kitu chenye kuvutia. Wakakusanya. Ngao, mikuki, vyungu, ngoma, mavazi ya magome ya miti na, kwa wingi, vyombo vya ibada na uganga. Wenyeji walipochungulia ndani hawakuhitaji maelezo ya mtaalamu. Wakaiita Nyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya zile pembe zilizojazwa dawa ambamo mizimu huaminika kukaa. Jina likaganda. Lilikuwa na kejeli kidogo na hofu nyingi, na halikukosa haki: vitu ambavyo jana vilitunzwa na kuhani ndani ya hekalu, leo vilikuwa rafuni kwa Mzungu, bila kuhani, bila kafara, bila mtu wa kuviamkia.

Kisa cha Kibuuka kinaeleza hali hiyo kuliko takwimu yoyote. Katika masimulizi ya Waganda, Kibuuka alitoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka (mfalme) Nakibinge wa Buganda dhidi ya Wanyoro. Alipigana akiwa angani, amejificha ndani ya wingu, akiwamiminia adui mishale mpaka siri yake ilipovuja kupitia mwanamke mateka. Akachomwa mshale, akaangukia juu ya mti huko Mbaale, Mawokota. Watu wakamfanya mungu wa vita na kumjengea hekalu, wakahifadhi mabaki yake, likiwemo taya. Vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19 viliyateketeza mahekalu mengi, la Kibuuka likiwa mojawapo, ila watunzaji wake waliyaokoa mabaki.

Moto haukuyashinda, yalishindwa na urafiki wa wasomi wawili. Apolo Kaggwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda kuanzia 1889 hadi 1926, alikuwa Mkristo mwenye msimamo mkali na wakati huohuo mwandishi mkubwa wa historia ya watu wake. Rafiki yake John Roscoe, mmishonari wa kanisa la Kianglikana, alikuwa akiandika kuhusu mila za Waganda na kupeleka vitu kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kupitia Kaggwa, mabaki ya Kibuuka yakamfikia Roscoe, na mwaka 1907 Roscoe akachapisha makala kuyahusu. Kwa hiyo nyumba ya Old Kampala ilipofunguliwa mwaka uliofuata, hazina kubwa kuliko zote ilikuwa imekwishavuka bahari. Kaggwa hakuona kwamba anaitia nchi yake hasara. Kwake, dini ile ilikuwa imekufa, na kilichobaki kilikuwa cha kusomwa. Wajukuu wake wameona vingine, nao wana haki.

Sehemu nyingine ya hazina iliondoka karibu kabisa na Kisugu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Luzira, mwisho wa ileile njia ya reli, uchimbaji kwenye eneo la gereza ulifukua vipande vya sanamu za udongo wa kuchoma, na miongoni mwake kichwa cha mtu chenye macho yaliyofumba nusu na nywele zilizosukwa kwa ustadi. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, aliitambua thamani yake. Wachunguzi wa karne hii wanakikadiria kuwa cha takriban miaka 1,000 iliyopita, kabla ya ufalme wowote unaokumbukwa kwa majina. Kiko London, katika Makumbusho ya Uingereza. Anayetaka kukiona kichwa cha Luzira kutoka Luzira anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.

Kwa zaidi ya miaka 30 makumbusho yalikaa Old Kampala kama bohari tu. Yaliamka pale yalipohamia Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwenye shule ya sanaa ya Margaret Trowell. Mama huyu Mwingereza alikuwa na wazo lililowashangaza wenzake: kwamba mkeka, kibuyu na mpini wa kisu ni sanaa, na aliyevitengeneza ni msanii. Akawa msimamizi wa makumbusho, na wanafunzi wake wakachora wakiwa wamezungukwa na kazi za mababu zao. Mwaka 1953 alitoa, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kinene kuhusu kazi za mikono za Uganda ambacho wahifadhi bado hukifungua wanapotaka kujua kikapu fulani ni cha wapi.

Huyo Wachsmann anastahili kuzungumziwa kwa kirefu zaidi. Alizaliwa Berlin mwaka 1907 katika ukoo wa Kiyahudi, akasomea muziki, kisha utawala wa Hitler ukamfungia milango. Mwaka 1937 alifika Uganda na kufanya kazi na wamishonari. Mwaka 1948 akakabidhiwa makumbusho. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya damu yake alitumia miaka iliyofuata akizunguka nchi ya watu wengine na mashine nzito ya kunasia sauti, kutoka Buganda hadi West Nile, akirekodi ngoma, filimbi, zeze, vinubi na waimbaji wa kila kabila lililomkaribisha. Alikusanya ala na sauti zake kwa pamoja, jambo ambalo makumbusho mengi ya Ulaya hayakuwa yamelifikiria.

Halafu akafanya jambo bora zaidi. Aliajiri wanamuziki.

Evaristo Muyinda alikuwa mpiga ala wa kasri la Kabaka, bingwa wa amadinda, ile marimba ya vipande 12 vya mbao inayopigwa na watu watatu, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake mpaka sikio linapotea na kudhani linasikia mikono kumi. Wachsmann alimleta Makumbusho ya Uganda awe anapiga na kuwafundisha wageni. Ala hazikuwa tena maiti za kabatini. Mgeni aliyeuliza chombo hiki kinaliaje alijibiwa papo hapo. Mwishoni mwa 1959 alifika kijana wa Austria, Gerhard Kubik, akakaa miguuni pa Muyinda kujifunza, na baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika duniani. Vitabu vingi humtaja mwanafunzi kwanza, mwalimu baadaye. Mpangilio huo ungefaa kugeuzwa, maana bila mikono ya Muyinda, Kubik angebaki na daftari tupu.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana kwa njia ya kikatili. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa II alitoroka na kuishia uhamishoni London, alikofariki 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967. Wanamuziki wa kasri walitawanyika, na pamoja nao ikanyamaza entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti kama marimba na kupigwa na watu sita, ambazo mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuwa nazo. Miongo kadhaa baadaye, James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza juhudi za kuifufua, alihitaji vitu viwili: mzee aliyewahi kuipiga na kumbukumbu za sauti zilizonaswa kabla ya 1966. Sauti alizorekodi Wachsmann, zilizokuwa zimehifadhiwa Uingereza, zimerudi Makerere kwa nakala, kwenye hifadhi ya muziki yenye jina lake.

Jengo lenyewe la leo, kwenye Barabara ya Kira katika kilima cha Kitante, lilifunguliwa mwaka 1954. Mchoraji wake, Ernst May, alikuwa Mjerumani mwingine aliyepigwa na dhoruba ileile. Miaka ya 1920 aliijengea Frankfurt maelfu ya nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1930 akaenda kujenga miji katika Urusi ya Kisovieti. Alipotaka kuondoka, kurudi Ujerumani ya Hitler hakukuwezekana. Akaja Tanganyika kulima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Wakaaji wa Mombasa wa zamani watalikumbuka jengo lake lililopinda la Oceanic Hotel. Kampala alichora pia mpango wa kupanua mji upande wa Naguru na Nakawa. Jengo la Kitante ni la kiasi, refu kwa upana kuliko kimo, limekaa kwenye nyasi zake bila kujikweza. Kampala ya sasa, inayopenda vioo vya buluu na ngazi za umeme, hulipita bila kugeuza shingo.

Aliyefuata Kitante ni mwanaakiolojia Merrick Posnansky, msimamizi kuanzia 1958 hadi 1962. Alifukua Bigo bya Mugenyi, yale mahandaki makubwa ya ardhini magharibi mwa nchi ambayo masimulizi huyahusisha na Bachwezi, watawala wa kale, na kuwaonyesha wasomaji wa nje kwamba Waafrika wa huku walikuwa na miji na mifugo mingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Lakini jambo lake kubwa lilikuwa barua na mazungumzo na Cambridge. Mwaka 1962, mwaka ambao bendera ya Uingereza ilishushwa Kololo, mabaki ya Kibuuka yalirudishwa Kampala. Mungu wa vita akarudi nchini pamoja na uhuru. Afrika nzima haikuwa na mifano mingi ya aina hiyo wakati huo, na miaka 60 baadaye bado haijawa na mingi ya kutosha.

Charles Sekintu ndiye Mganda wa kwanza kuyasimamia makumbusho. Alikuwa amepanda kutoka chini, akifanya utafiti na Wachsmann. Mwaka 1956 walichapisha pamoja kijitabu kuhusu mapambo ya ukutani katika nyumba za Wahima. Majina kama lake ni machache mno katika historia zilizoandikwa za nyumba hii. Wazungu wameandikiwa wasifu na tanzia, wakapewa tuzo. Watafiti Waafrika waliowaongoza vijijini, waliotafsiri, waliojua nani anayo ngoma gani na asiulizwe nini, wameishia kwenye mstari mmoja wa shukrani. Huu ndio upungufu mkubwa wa Makumbusho ya Uganda kama taasisi ya kumbukumbu: yanafahamu vyema ni nani aliyevikusanya vitu, na yanajua kidogo sana ni nani aliyevitengeneza.

Miaka ambayo Amin alikuwa rais haikuyabomoa makumbusho, iliyafukarisha. Mwaka 1977 yalipoteza bodi yake na kuunganishwa na idara ya serikali ya mambo ya kale. Fedha za utafiti zilikauka, wataalamu wengi nchini walikimbia au walikaa kimya. Waliobaki waliendelea kufungua milango asubuhi na kufuta vumbi. Hakuna mnara wa wafuta vumbi, ingawa Uganda ina sababu ya kuujenga.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuja wakati wa amani, na ilikuja ikiwa na mchoro mzuri. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi walimolala Kabaka wanne, eneo la urithi wa dunia tangu 2001. Watu walilia barabarani. Majivu yakiwa hayajapoa vizuri katika kumbukumbu, habari zikaenea kwamba serikali inataka kuliondoa jengo la makumbusho na kusimamisha kituo cha biashara cha Afrika Mashariki cha ghorofa 60, ambamo makumbusho yangetengewa nafasi ndani. Walioutetea mpango walizungumzia mapato na sura mpya ya jiji. Wanaharakati wa urithi, wahifadhi wastaafu na wasomi walikwenda mahakamani mwaka 2011, wakaandika magazetini, wakauliza swali rahisi: kama kila kilicho kwenye ardhi ya thamani kitabomolewa, ni nini kitakachobaki mjini chenye umri?

Katikati ya mzozo huo, Julai 2011, timu ya Brigitte Senut na Martin Pickford, ikishirikiana na Waganda, ilichimbua Napak huko Karamoja fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Dunia nzima ikaandika. Nchi iliyokuwa ikijadili kuibomoa nyumba ya mifupa yake ilikuwa imepata mfupa wa fahari kuliko yote. Ghorofa 60 hazikujengwa, na jengo la Ernst May bado limesimama.

Tangu hapo makumbusho yamethubutu kugusa vidonda. Mwaka 2015 picha hasi zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi za Amin, zilikutwa katika shirika la utangazaji la taifa, UBC. Mwaka 2019 baadhi yake zilitundikwa Kitante katika maonyesho yaliyoandaliwa na mhifadhi Nelson Abiti pamoja na wanahistoria Derek Peterson, Edgar Taylor na Richard Vokes. Picha hizo zilipigwa ili kumtukuza rais: Amin akicheza akodioni, Amin akihutubia, Amin akikagua. Waandaaji walikuwa na kazi ngumu ya kuzionyesha bila kumpamba upya mtu huyo, na waliweka kando yake sura za waliouawa na habari za Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Wazee walisimama mbele ya ukuta wakitafuta nyuso wanazozijua, na vijana wengi walikuwa wakiziona kwa mara ya kwanza.

Mwezi Juni 2024 shehena nyingine ikatua kutoka Cambridge: vitu 39, kati ya takriban 1,500 vya Uganda vilivyoko kwenye makumbusho ya chuo hicho, vingi vyake vikiwa vimepitia mikononi mwa Roscoe. Vilichaguliwa na wataalamu wa Uganda wenyewe. Namna vilivyorudi ndiyo inayozua maneno, kwa kuwa vimekuja kwa mkopo wa miaka 3. Kisheria, basi, Kampala imeazimwa mali ya Kampala. Wahifadhi wa pande zote mbili wanasema mkopo ni njia ya kuvifikisha nyumbani upesi wakati suala la umiliki likishughulikiwa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Kibuuka alirudishwa mwaka 1962 moja kwa moja, bila tarehe ya kurudi Uingereza, na hakuna mtu aliyedhurika.

Kutoka Kisugu hadi Kitante ni kilomita chache tu. Boda boda hushuka Namuwongo, hupita Barabara ya Mukwano, hushika ya Jinja na kupanda kuelekea Kamwokya. Mitaa ya upande huu imejaa wapangaji waliokuja kutoka Gulu, Arua, Kabale, Mbale na hata ng'ambo ya mipaka, na adungu, kinubi kinacholia Jumapili kanisani, ina nduguye kwenye ukumbi wa ala alioupanga Wachsmann. Wengi wao wameyajua makumbusho mara moja, wakiwa wamevaa sare za shule, wakipitishwa mbiombio na mwalimu anayehesabu vichwa. Warudi wakiwa watu wazima, na wafike na wazee wao. Mzee anayeweza kusimama mbele ya kabati na kusema chombo hiki ni cha kwetu, kilitengenezwa na ukoo fulani, kilitumika siku fulani, anayo habari ambayo daftari la Roscoe halina, na wahifadhi wa Kitante wanaihitaji kabla ya muda wa mkopo kwisha mwaka 2027.